Fomu Namba Saba

Jumatatu, 13 Mei 1991

Limefika! Sanduku la mbao, zito, wanaume wanne kulishusha. Bwana Gershom wa mradi wa kompyuta mashuleni kalileta mwenyewe kwa pikapu, kavuka na feri ya asubuhi. Ndani — kompyuta mbili, televisheni ndogo mbili, na kobe.

Kobe ndilo jina nililofundishwa Nairobi, zile wiki mbili za likizo ya Aprili. Kimashine cha mviringo, ukubwa wa bakuli la kukandia unga. Gamba la plastiki, unaona matumbo yake yote. Magurudumu mawili. Waya mrefu nyuma kama mkia. Katikati, shimo la kutia kalamu. Unaandika amri kwenye kompyuta, naye anatambaa sakafuni akichora njia aliyopita. Roboti, basi. Roboti wa kufundishia hesabu, hapa Likoni!

Hedimasta, Bwana Mramba, kanisimamisha mbele ya walimu wote kumi na wanne. Kasema Mwalimu Mwanarehema ndiye kiongozi wa mradi, ndiye aliyesomea. Nilijiona nimerefuka.

Mwikali, mwalimu wa darasa la kwanza, kauliza kama kinapiga shoti. Sidi, shoga yangu, tunakaa meza moja tangu 1982, kasema afadhali tumepata mwanafunzi mmoja asiyejibu jeuri. Tukacheka. Mwalimu Ishaka hakucheka. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi hesabu darasa la saba, na mpaka leo namwamkia shikamoo kabla sijaweka mkoba chini. Kasema amebakisha miaka miwili astaafu, atukalie kando, awaachie vijana.

Alhamisi, 16 Mei

Stima iko ofisini kwa hedimasta na katika stoo tu. Basi stoo. Tumetoa madawati mabovu, tumefukuza popo. Sidi kanisaidia siku nzima, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Kobe ametembea! Hatua hamsini mbele, akaingia chini ya kabati, akakwama.

Jumatano, 22 Mei

Tatizo. Amri zote za Kiingereza. Watoto wa darasa la sita wanapoteza nusu saa wakitafuta herufi za neno wasilolijua, na walimu nao vilevile ila wanaona haya kusema.

Lakini ile kompyuta inakubali kufundishwa maneno mapya — hilo nililisikia Nairobi kwa sikio moja, sikulijali. Leo nimekaa nalo tangu mchana. MBELE. NYUMA. KULIA. KUSHOTO. INUA, kwa kalamu. SHUSHA. Saa kumi na moja nikaandika MBELE 40, nikangoja. Akaenda!

Nimeyaandika yote katika daftari, na masomo kumi na mawili ya kufuata, moja kwa kila wiki. Nimemwonyesha Sidi. Kasema hili daftari ni kitabu kizima, nisilitupe ovyo.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya kuandika.

Tulikuwa sita stooni baada ya vipindi. Mimi, Sidi, Mwikali, walimu wawili wa madarasa ya chini, na Mwalimu Ishaka ambaye alisema amepita tu kutafuta chaki. Nikawapa kazi: mchoresheni kobe pembetatu, pande zote sawa. Wote wakasema pembe ni sitini. Nami nilijua jibu, nikanyamaza. Wakaandika KULIA 60. Kobe akaenda, akageuka, akaenda, akageuka — akachora kitu kama bakuli lililovunjika. Mwikali kasema mashine mbovu. Sidi kasema tujaribu hamsini.

Mwalimu Ishaka alikuwa mlangoni na chaki zake. Kaziweka chini. Kavua viatu, sijui kwa nini. Kasimama juu ya karatasi, kofia yake ya kiua kichwani, akaanza kutembea ile pembetatu kwa miguu yake mwenyewe, polepole, mkono umenyooka mbele. Alipofika kwenye kona kasimama. Kageuka kidogo. Kaona haitoshi. Kageuka zaidi, zaidi, mpaka mkono ukaelekea upande unaofuata. Katazama nyuma alikotoka.

"Hageuki pembe ya ndani," kasema. "Ageuka ya nje. Mia na ishirini."

Nikamwambia andika wewe, Mwalimu. Hakutaka. Mikono yake hutetemeka, na mbele ya vile vitufe ilitetemeka zaidi. Akatafuta M kwa muda mrefu mno, hata Sidi akataka kumsaidia, nikamzuia kwa jicho. Kaandika yote mwenyewe. Kobe akaenda, akafunga pembetatu, akasimama pale pale alipoanzia.

Mwalimu Ishaka akakaa juu ya sanduku tupu. "Nimefundisha pembe miaka thelathini na mmoja," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimeizunguka."

Nilitoka nje nijifanye natazama mvua.

Jumanne, 4 Juni

Mwalimu Ishaka amekuja tena jana na leo. Ana kikaratasi cha herufi zote, amechora vitufe vilivyopangika, anajifunza nyumbani. Mkewe, Bi Mwanakheri, kanikuta sokoni, kaniuliza nimempa nini mumewe maana anagongagonga meza wakati wa chakula.

Alhamisi, 6 Juni

Bwana Gershom kaja na fomu. Utafiti, kasema — kupima utayari wa walimu kutumia roboti darasani. Maswali ishirini. Kila moja unajipa alama, moja mpaka tano. "Naweza kuunganisha mashine bila msaada." "Sina hofu ya kukosea mbele ya wanafunzi." "Naweza kutayarisha somo zima." Na chini nafasi ya kuandika maoni.

Kasema hakuna jina. Hakuna atakayeziona, si hedimasta wala ofisi ya elimu. Palipo na alama ndogo ndipo mradi utaleta mafunzo zaidi. Kwa hiyo tuandike ukweli, ukweli wenyewe ndio msaada.

Alipotoka chumba cha walimu kikawa kama soko. Mwikali kasema fomu ni fomu, haijapata kutokea ikaishia hewani. Kuna aliyesema ataweka tano tupu toka juu hadi chini alale usingizi. Mimi nikasimama. Nikawaambia tukijipa tano zote hatutaongezewa hata siku moja ya mafunzo, tutaachwa na mashine tusizozijua, na watoto ndio watakaopata hasara. Sidi akaniunga mkono, kasema kweli, tuandike ukweli, tutajidanganya mpaka lini.

Mwalimu Ishaka kanifuata mpaka mlangoni. Kauliza taratibu:

"Mwanarehema, wanihakikishia?"

Nikamwambia wallahi, Mwalimu. Haitatoka.

Ijumaa, 7 Juni

Fomu zote kumi na nne nimezikusanya, bahasha nimeifunga kwa gundi. Bwana Gershom kanitaka na orodha pia — majina, na namba kwa kila jina, na namba hiyo niitie kwa penseli kwenye kona ya fomu. Ili ajue nani hajarudisha, ndivyo alivyosema, kisha atachana. Nikaiandika kwa rula na wino, nilivyozoea. Nilifuata walivyokaa. Mimi namba tano, Sidi sita, Mwalimu Ishaka saba. Nimempa mkononi, yeye mwenyewe.

Yangu nilijaza kwa haki. Kutayarisha somo, tano. Kutengeneza mashine ikiharibika, moja. Chumba hakitoshi, hilo pia nililisema.

Jumatatu, 10 Juni

Darasa la sita wamechora nyota! Arubaini na tatu kwenye stoo, wengine wamekaa dirishani. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Sidi kaazima daftari langu. Naye anataka kuanza na darasa la tano wiki ijayo, anataka kujitayarisha.

Jumatano, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mkutano wa walimu, saa nane. Hedimasta ana faili jipya la kijani. Nikaiona ile rangi ya karatasi za fomu ikichungulia. Nikajiambia haiwezekani, ni karatasi nyingine.

Kaanza kwa kusema matokeo ya utafiti yamerudi. Utayari wa shule yetu — arubaini na sita kwa mia. Kasema ameaibishwa. Kasema kumbe analea walimu waoga wanaochukua mshahara wa kufundisha kitu wasichokiweza. Halafu akaanza kusoma. Namba mbili, thelathini na tisa. Namba tatu, arubaini na moja, anasema hajawahi kugusa hata taipureta. Mwikali huyo. Namba tano, sabini na moja. Mimi.

Namba sita — mia kwa mia.

Nikamtazama Sidi. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Namba saba," hedimasta akasema, "thelathini na nane." Akageuza ukurasa, akasoma maoni kwa sauti. "Naogopa kushindwa mbele ya watoto. Mikono yangu yatetemeka na macho yamepungua. Nataka kufundishwa, lakini polepole." Kisha akainua kichwa. "Mwalimu Ishaka. Wewe ndiye unayefundisha hesabu darasa la nane? Unatayarisha watoto kwa mtihani wa taifa na hofu yote hiyo?"

Kalitaja jina. Mbele ya wote. Mbele ya wale vijana wawili waliotoka chuo mwaka jana, ambao wanamwita babu kwa heshima.

 Mwalimu Ishaka kafunga kifungo cha koti lake, kilichokuwa kimefungwa tayari — kakifungua, kakifunga tena.

Nikasimama, nikasema hizo karatasi zilikuwa siri, tuliahidiwa. Hedimasta kaniambia nikae, na akauliza orodha ya majina ni ya mwandiko wa nani. Akainyanyua. Wino wangu, mistari yangu ya rula. Wote wakaona.

Mwisho akatoa tangazo. Mashine zinaondoka kwenda shule ambayo walimu wake wako tayari. Tarehe itatajwa.

Tulipotoka, hakuna aliyetembea nami. Mwikali kapita bila kunitazama. Nikamngoja Mwalimu Ishaka kwenye ngazi. Kanijia, kasimama karibu kabisa. Nikasema shikamoo, sikujua niseme nini kingine.

"Uliniapia," kasema.

Basi. Kaenda zake.

Alhamisi, 20 Juni

Chumba cha walimu kimya nikiingia. Sidi hayupo, kaomba ruhusa, ati mtoto wa dadake mgonjwa.

Nimemwandikia Bwana Gershom barua. Nimeichana. Nitakwenda mwenyewe.

Jumapili, 23 Juni

Idi kubwa. Kila mwaka tangu nianze kazi naenda kwa Mwalimu Ishaka kumpa mkono wa Idi, nakaa, nakula. Leo nimevaa, nimejipaka hina tangu jana, nimefika mpaka penye ua wao. Nikasikia sauti yake ndani akicheka na wajukuu. Nikarudi. Nadhani Bi Mwanakheri aliniona.

Alasiri imeletwa sahani ya pilau kutoka kwao, imefunikwa kitambaa. Hakuna salamu. Mama kauliza mbona silii — nimeandika vibaya, mbona sili. Nimemwambia nimeshiba. Mama hajui lolote, sitaki ajue.

Jumatatu, 24 Juni

Mwalimu Ishaka ameondolewa darasa la nane. Anafundisha darasa la pili sasa. Kuhesabu njugu. Hesabu ya darasa la nane kapewa mmoja wa wale vijana, ambaye kaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninazo karatasi za mtihani za miaka ya nyuma. Nikamwambia anazo Mwalimu Ishaka, za miaka yote, na majibu kayaandika kwa mkono wake. Hakwenda kuuliza. Ameona haya, na ninamwelewa.

Nilipita dirishani pa darasa la pili. Alikuwa amechora pembetatu ubaoni kwa kamba na chaki, mstari hauna hata mkunjo. Mikono haikutetemeka. Wale watoto wadogo wamenyamaza wote.

Alhamisi, 27 Juni

Nimevuka mjini. Ofisi ya mradi, ghorofa ya pili, feni linazunguka. Bwana Gershom kanipokea vizuri mno, kaniagizia soda. Nikamwuliza moja kwa moja: si ulisema hakuna atakayeziona?

Hakukana. Kasema hedimasta ni mshirika wa mradi, mshirika ana haki ya kuona. Nikasema uliahidi siri. Kanijibu kama anamweleza mtoto:

"Siri, mwalimu, maana yake hatukuitangaza gazetini."

Nikamwuliza orodha, alisema ataichana. Kasema watu wa nje wanaofadhili mradi walitaka kila alama iwe na mwenyewe, la sivyo utafiti hauna nguvu. Hata yeye hakupenda. Tarehe kumi na tano Julai wageni wanakuja kutoka ng'ambo kutazama somo, wanataka kuona mafanikio. Stoo yenye popo haiwezi kuwa mafanikio.

Nikamwambia Mwalimu Ishaka ndiye pekee aliyegundua pembe ya nje bila kuambiwa. Nikamsimulia yote, viatu na vyote. Alisikiliza. Kasema ni hadithi nzuri sana, tena akaandika mahali. Lakini fomu haina swali la namna hiyo.

Kwenye feri nilisimama nikiwa nimeshikilia chuma mpaka tukafika. Nilikuwa nafikiri juu ya ile gundi. Nilivyoipaka kwa uangalifu.

Jumatatu, 1 Julai

Sasa nimejua.

Mwikali kanijia saa ya chai, mara ya kwanza tangu ule mkutano. Alikuwa ofisini kwa hedimasta kuchukua chaki, kaona karatasi iliyopigwa taipu, akaniambia nikaione mwenyewe, hakutaka kulisema kwa mdomo wake. Nikaenda. Hedimasta alikuwa nje, uwanjani.

Ratiba ya wageni. Mahali: ile shule ya kulipia ya upande wa Nyali, yenye madirisha ya vioo. Somo la roboti, darasa la sita. Mwalimu: Bi Sidi Katana. Na chini yake, mstari mmoja — *Amri za Kiswahili na masomo kumi na mawili vimetungwa na Bi S. Katana.*

Nikasoma mara tatu. Kumi na mawili. Hata hakupunguza moja.

Jumanne, 2 Julai

Nilimkuta Sidi amefika mapema, anakusanya vitu vyake mezani. Meza yetu. Amepata kazi huko, anaanza wiki hii hii. Sikupiga kelele. Nilidhani nitapiga.

Nikamwuliza tangu lini. Kasema Bwana Gershom alimsemesha siku ile ile ya fomu, nje, penye pikapu, akamwuliza nani hapa yuko tayari zaidi. Kasema yeye alitoka, mimi nikabaki ndani nikiwahutubia watu.

"Ulisimama ukaniunga mkono," nikamwambia. "Ulisema tuandike ukweli."

"Wewe ulikuwa umeshawaambia. Ningekupinga mbele ya watu?"

"Halafu ukaandika tano ishirini."

"Niliandika wanachotaka kusoma." Alikuwa anafunga kamba ya kikapu, hakuinua macho. "Wewe uliandika dua, Mwanarehema. Watu wanakupa karatasi ya kupimwa, wewe unaomba dua juu yake."

Nikauliza daftari. Kasema liko kwa Bwana Gershom, linapigwa taipu, jina waliandika wao, yeye hakuwaambia. Wala hakuwaambia kuwa ni langu, nikasema. Akakaza kamba. Kisha akasema ana watoto wanne na kule nyumba inatolewa, na mimi nina Mama tu, na ningeweza kuelewa kama ningetaka.

Miaka tisa. Alipojifungua wa tatu mimi ndiye niliyekaa naye hospitali. Nilimfundishia darasa lake miezi miwili mizima.

Nilichomwambia mwisho ni kwamba hajui hata kuunganisha ule waya. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Najua sijui," kasema.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepeleka barua ofisi ya elimu. Nimeandika kuwa mimi ndiye niliyeapa, mimi ndiye niliyeandika orodha, Mwalimu Ishaka alijaza kwa kuniamini. Hedimasta hakutaka kutia sahihi, nimeipeleka bila sahihi yake. Karani kaipokea, kaipiga mhuri, kaiweka juu ya rundo.

Nilimwambia Mwalimu Ishaka, uani, watoto wakicheza. Kasema ningemwuliza kwanza. Sasa watamwita, watamtaka aeleze hofu yake mara ya pili, mbele ya watu wengine.

Kila ninachogusa!

Jumatano, 10 Julai

Wamekuja kulichukua sanduku. Pikapu ile ile. Darasa la sita wakasimama nje bila kuambiwa, hakuna aliyecheza. Msichana mmoja, Kafedha, ndiye aliyechora ile nyota, kauliza kama kobe atarudishwa wakimaliza wao. Nilimwambia sijui. Sitaki tena kumhakikishia mtu kitu.

Stoo imerudishiwa madawati mabovu.

Ijumaa, 12 Julai

Barua kutoka kwa Sidi, kapewa Mwikali ailete. Karatasi mbili, mwandiko wa haraka.

Hawezi. Amejaribu siku mbili, kobe anakwenda upande, maneno ya Kiswahili kompyuta inayakataa. Wageni ni Jumatatu. Anataka niende kesho kutwa nimfundishe, na Jumatatu yenyewe nikae chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo, likiharibika nimtengenezee. Wataniandika msaidizi wa mitambo.

Ukurasa wa pili ndio wenyewe. Amezungumza na Bwana Gershom, naye amezungumza na hedimasta. Nikienda, na wageni wakiridhika, Mwalimu Ishaka anarudishiwa darasa la nane muhula ujao, na ile fomu yake inatolewa kwenye faili. Nikikataa, faili linakwenda ofisi ya elimu kujibu barua yangu. *Nakuhakikishia*, kaandika. Kapiga mstari chini ya neno.

Atakuja kesho alasiri kuchukua jibu.

Mwikali alikuwa amesimama, anangoja. Nikampa asome. Kasoma zote mbili. Nikamwuliza yeye angefanyaje. Kasema hajui, lakini asingemwambia Mwalimu Ishaka.

Hilo ndilo linalonisumbua. Nikienda bila kumwambia, nimemfanyia siri nyingine. Nikimwambia atanikataza — namjua, atasema afadhali njugu. Na miaka miwili tu imebaki, kisha atatoka shuleni akiwa mwalimu wa darasa la pili ambaye hakuweza.

Na kwani ahadi yenyewe ni ya nani? Ya Sidi. Ya Gershom. Ya Mramba. Watu watatu wale wale.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi nilifua. Nikapika. Nikafua tena kanga ambazo hazikuwa chafu.

Mchana nilitoka niende kwa Mwalimu Ishaka. Safari hii nikaingia. Bi Mwanakheri kanikaribisha kwa neno moja tu, karibu, akanivutia mkeka. Mwalimu hakuwapo, kaenda Mtongwe mazikoni, hatarudi mpaka jioni. Nilikaa. Juu ya meza yao kile kikaratasi cha herufi bado kipo, kimegandishwa kwa utepe. Bi Mwanakheri kaona ninapotazama. Kasema bado hugonga. Kasema kamwuliza, wagonga ya nini na mashine imekwenda? Akaendelea kugonga.

Sikumwambia kitu. Nilikunywa maji, nikaaga.

Saa kumi kasorobo. Sidi amekuja. Nimemsikia akipiga hodi, nimesikia Mama akimkaribisha kwa furaha, maana ni wiki nyingi hajamwona, na mimi niko chumbani, mlango nimeurudisha, naandika hivi kalamu ikikwaruza. Mama kaniita mara ya kwanza, nimeitika abee, sikutoka. Anasema mwenzio huyu yuwakungoja, ana haraka. Kisha nasikia vikombe. Nasikia Sidi akiuliza habari za mguu wa Mama, kama kawaida yake, na anakumbuka hata jina la dawa.

Wanacheka sasa. Sidi anamhadithia Mama kuhusu kazi mpya, shule ya vioo, wageni wa ng'ambo. Mama anapiga vigelegele vidogo. Anamwuliza haya mambo ya mashine kajifunzia wapi.

"Kwa Mwanarehema," Sidi anasema. "Kila ninachokijua kanifundisha yeye."

Na sauti yake ni ya kweli kabisa. Mama anamshukuru.

Ananiita tena. Naweka kalamu chini, natoka, na jibu la kumpa Sidi bado sijalijua.